Naam ya Kuazima

Mwanasiti binti Gharibu alikuwa na sauti kumi na mbili kooni mwake. Alizaliwa Kudhaa, kisiwa ambacho mtu akipiga chafya kusini huombewa rehema kaskazini, na tangu utotoni alikuwa akimwigiza mwadhini, bibi yake mwenye pengo, na mbuzi wa jirani, hata watu wakitoka na fimbo kumfukuza mbuzi asiyekuwapo. Alipoolewa Kismayu alikuja na sauti zake. Alipoachwa alibaki nazo, na pamoja na mkono wake wa hina ndizo zilizomlisha.

Alikuwa mpakaji hina na somo wa kuwafunda maharusi. Bibi harusi akishapakwa hina hawezi kushika kitu mpaka ikauke. Hata pua ikimwasha huombewa mtu wa kumkuna. Mtu aliyefungwa mikono hivyo ataka hadithi, na wanawake waliomzunguka wataka zaidi yake. Mwanasiti aliwapa, na hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mumiani.

Huo ulikuwa mwaka wa kumi tangu Wataliani washike Kismayu, na neno mumiani lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Wanaume walichukuliwa kwenda kulima mashamba ya mtoni, na waliorudi walirudi wamekauka, ikasemwa damu yao imekamuliwa ikatiwa chupani. Mwanasiti aliichukua hofu hiyo akaivisha kanzu nyeupe na kuipaka marashi. Mumiani wake alikuwa kijana mzuri, rangi ya maji ya kunde, mwenye kuzungumza taratibu. Alikuwa na sharti moja tu: haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Basi husimama dirishani kwa binti na kuuliza, "Niingie?" Binti kimya. "Niingie?" Kimya. Mara ya tatu kimya vilevile, na hapo Mwanasiti alitoa sauti yake ya kumi na mbili, nzito na laini kama samli: "Kimya chako nimekisikia." Mumiani akaingia, akamng'ata. Binti alilia, kisha akapenda, asitake tena kitu duniani isipokuwa meno yale.

Wanawake walijipiga mapaja na kuficha nyuso ndani ya leso. "Astaghafirullahi! Hebu rudia hapo." Naye akirudia.

Uchafu mtupu, tuseme kweli. Lakini ulikuwa uchafu wenye sukari, na Mwanasiti alijua kupima sukari.

Mmoja tu hakuwa akicheka. Huyo alikuwa Mwanaharusi, jirani aliyekuja kila harusi kumsaidia kuchuja hina kwa kitambaa. Aliolewa miaka kumi na mmoja nyuma na mwuza nguo mwenye mkono mwepesi wa kupiga, na hadithi ikifika dirishani yeye huzidi kuinamia bakuli lake. Mwanasiti alimwona ni mtu baridi tu.

Kulikuwa na kazi nyingine ya sauti zile, na mtaa mzima uliijua na kuicheka. Siku ya ndoa, mwalimu mwenye kuozesha na mashahidi wawili huja mpaka mlango wa chumba cha bibi harusi, pazia limeshushwa, wakauliza kama ameridhika. Huuliza mara tatu. Mwanamwali akinyamaza, kimya chake ni ridhaa yake. Hivyo ndivyo ilivyo katika sheria. Lakini wengine hulia, na kilio huzua maneno, hiki ni cha haya au ni cha kukataa? Wanaume wamesimama, wali unapoa. Basi Mwanasiti, aliyekaa ubavuni mwa bibi harusi, alikuwa akiitwaa sauti ya yule binti, ndogo na yenye kutetemeka, na kusema, "Naam." Mashahidi huenda zao wameridhika. Alikwisha sema naam kumi na tisa za namna hiyo, na kila moja alipewa leso mpya. Hakupata kuliona baya. Alijiona anamvusha mtu mwenye haya penye maji.

Ya ishirini ilikuwa ya Zaituni.

Zaituni alikuwa na miaka ishirini na minne, mjane wa baharia, akikaa kwa ami yake Aboud na mke wa ami, Bi Khamisa. Mwenye kumposa alikuwa Sheikhan, yule aliyekuwa akiwakusanyia Wataliani watu wa kwenda mashambani. Alikuwa mzuri, tena sana, na akijua. Nguo zake zilifukizwa udi, na hapazi sauti hata akimwambia mama kuwa jina la mwanawe limo katika orodha. Wanawake walimwogopa na kumchungulia, wakimwita "mumiani wetu" huku wakibanana mbavu. Aboud alikuwa karani wake. Sheikhan akitaka, hata jina la Aboud litaingia orodhani. Kwa hiyo Aboud alisema ndiyo kabla posa haijamalizwa kusomwa.

Siku moja kabla ya ndoa, asubuhi, Mwanasiti alikwenda kupaka hina. Alipopandisha mkono wa nguo wa Zaituni alikuta, ndani ya kigasha cha mkono wa kushoto, alama ya meno. Meno ya juu na meno ya chini, duara kamili, katikati pamevia damu na pembeni pameanza kutunga usaha.

"Hapo utatia ua kubwa," akasema Bi Khamisa, bila hata kushusha kikombe chake cha kahawa. "Lenye majani mengi. Pafunike."

"Ameng'atwa na nini?"

Bi Khamisa akacheka, Kibajuni chake kikitamka mtu "mchu" na kitu "kichu". "Na mchu wake! Wewe nawe, Bi Mwanasiti, mwulizaji ni wewe? Kichu hiki si umekitunga mwenyewe?" Akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni, bado akicheka.

Zaituni alinena polepole, akitazama ukutani. Sheikhan alikuja juzi, baada ya adhuhuri. Ami alimfungulia, kisha ami akakumbuka ana kazi sokoni. Sheikhan akasimama uani, nje ya dirisha la chumba cha Zaituni. Akauliza, "Niingie?" Akauliza mara tatu, akitabasamu.

"Nilidhani nikinyamaza ataondoka," akasema Zaituni. "Akanambia kimya changu amekisikia. Akaingia. Akanishika mkono huu akauma, nami nikapiga kelele, akanambia lia, ndivyo ianzavyo. Somo, maneno ni yako. Mpaka sauti ni yako."

Mwanasiti aliweka chini kijiti cha hina. Aliyasikia maneno yale kinywani mwa mwanamume yule, sauti yake ya samli, aliyoitengeneza mwenyewe ili wanawake wapate kujifurahisha chumbani mwao, imetoka nje ikavaliwa na mtu mwenye meno ya kweli. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lile jeraha lilinuka. Katika hadithi halikuwahi kunuka.

"Wamtaka?" akauliza. Katika miaka yote ya kazi ile hakupata kumwuliza bibi harusi swali hilo.

Zaituni aligeuza uso kutoka ukutani. "Nilikuwa nikimtaka. Sikufichi. Akipita nilikuwa nikichungulia kama wenzangu, na usiku nikiilalia hadithi yako nilikuwa nikimtia yeye ndani yake. Lakini nilikuwa nikitaka kumtazama. Sikutaka kuumwa." Kisha akasema, "Sasa nikisikia udi natapika."

"Mwambie ami yako."

"Ami yangu ndiye aliyefungua mlango."

Mwanasiti alishika kijiti cha hina akatazama pale palipongojewa ua kubwa. Alichora viganja, alichora vidole, alichora kifundo. Alipofika penye meno aliosha jeraha kwa maji ya chumvi akaliacha wazi. Bi Khamisa aliporudi akauliza ua liko wapi, Mwanasiti akasema hina haipakwi juu ya usaha, mgonjwa atakufa. Mwanaharusi, aliyekuwa akichuja hina muda wote huo, aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Pale mlangoni, Bi Khamisa alimshika Mwanasiti bega. "Kesho mjane lazima anene mwenyewe, wajua. Sheria ya mjane si kimya. Na huyu mdomo wake umefungana tangu juzi. Basi fanya kazi yako." Akampa leso mbili badala ya moja, mpya, bado zina harufu ya duka. Mwanasiti alizipokea. Hilo nalo tulitie, maana alizipokea, na njia nzima ya kurudi kwake alizibeba kwapani.

Kesho yake baada ya alasiri chumba kilijaa wanawake. Zaituni aliketishwa juu ya kitanda, amefunikwa nguo ya shiraa. Mwanasiti ubavuni mwake, Bi Khamisa nyuma yao, Mwanaharusi karibu na mlango. Pazia likashushwa, viatu vikavuliwa nje, na sauti ya Mwalimu Idarus ikaingia, ya mzee aliyechoka lakini mwenye kufuata taratibu.

"Zaituni binti Athmani, ami yako ataka kukuoza kwa Sheikhan. Umeridhika?"

Kimya. Kutoka barazani harufu ya udi iliingia, na Mwanasiti aliuona mkono wa Zaituni ukikunja ngumi, hina na yote.

"Umeridhika?"

Kimya. Bi Khamisa alimfinya Mwanasiti paja. Sauti ilikuwa tayari. Aliisikia imekaa ulimini, sauti ya Zaituni kabisa, yenye mkwaruzo wake mdogo. Ingetoka kwa wepesi wa kumeza mate. Kisha kila mtu angekula. Aboud angelala usingizi wake, na yeye Mwanasiti angeendelea kuitwa kila harusi.

"Kwa mara ya tatu, umeridhika?"

"Mwalimu," akasema Mwanasiti, kwa sauti yake mwenyewe, ile pana ya Kudhaa. Chumba kikashtuka, maana haikuwahi kusikika mahali pale. "Mimi ni Mwanasiti. Naam ulizokuwa ukizisikia katika milango ya mji huu, nyingi ni zangu. Leo sina. Huyu mchu ni mjane na ana ulimi. Mngoje."

Bi Khamisa alimpiga kibao cha kisogo. Nje Aboud alianza kupiga makelele kuhusu mwanamke mwendawazimu. Mwalimu Idarus akamwambia anyamaze, na akangoja. Akangoja muda mrefu, hata watu wakaanza kukohoa.

"Sitaki," akasema Zaituni. Kisha kwa nguvu zaidi, "Sitaki, mwalimu. Simtaki."

"Mjane amenena," akasema mwalimu. "Ndoa hakuna."

Sheikhan hakukasirika. Alicheka kwa upole pale barazani, na kabla ya kuondoka akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Wote huanza hivyo. Hadithi naijua." Mwanasiti aliposikia vile alitema mate sakafuni, mbele za watu, katika nyumba ya harusi.

Wanawake waliondoka wawiliwawili, wengine bila kula. Hakuna aliyemuaga Mwanasiti. Aliziweka zile leso mbili, alizokuja nazo tena, juu ya kitanda, mbele ya Bi Khamisa, naye Bi Khamisa akazitupa uani. Zaituni alikuwa akifunga nguo zake katika bunda. Alikuwa na shangazi katika kisiwa cha Fuma, na alfajiri kulikuwa na chombo cha kwenda huko.

Uani Mwanasiti alimkuta Mwanaharusi akiosha bakuli la hina. Akakaa karibu naye kwenye kibao. Alikuwa amechoka, lakini ndani yake palikuwa na kitu kidogo cha raha, kama cha mtu aliyetapika akapata nafuu. Alitaka kuambiwa amefanya vyema.

"Umefanya vyema," akasema Mwanaharusi. Akamwaga maji, akatia mengine. "Siku yangu mimi, wakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulilia sana."

"Nililia mara mbili za kwanza. Ya tatu nilikuwa nimenyamaza. Nilikuwa navuta pumzi niseme la." Alisugua ukingo wa bakuli kwa kidole gumba. "Nikasikia sauti yangu inatoka kinywani mwako."

Mwanasiti alifungua mdomo. Hata moja ya zile kumi na mbili haikuja.

Mwanaharusi aliligeuza bakuli juu chini likauke, akajifuta mikono, akaenda kwake kumpikia mumewe.