Nilivyomsindikiza Yaya Clarisse na Nzi Wake

Upumbavu kwanza: nilifungua kichupa cha nzi wa watu, nikidhani nzi ni nzi. Ndiyo maana, jamaa zangu wa Lubumbashi, nilijikuta safarini hapa Brussels, kutoka Saint-Gilles hadi Laeken, nimekumbatia boksi kama padri na ekaristi.

Mambo yalianzia jikoni kwetu. Binamu yangu Clarisse, ninayemwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu, huchunguza ubongo wa vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu. Alikuwa anahamisha vichupa vyake toka maabara moja kwenda nyingine, akakosea kupita mtaani kwetu. Kwa mama hakuna kupita bila kula ugali wake.

"Ingia, ukule bukari."

"Maman, niko na haraka."

"Haraka inajaza tumbo?"

Wakiwa wanakula, nilifungua kichupa kimoja nimtishe dada yangu mdogo. Nzi wote, dirishani, kwaheri! Nikakamata wengine juu ya ndizi za mama, nikarudisha kizibo cha pamba, nikapiga mluzi. Mama akaniona sina kazi.

"Sindikiza yaya yako. Beba boksi."

Gare du Midi, ndani ya metro, Yaya akaanza somo.

"Seli ya neva inatosha uzi murefu, inausukuma inje. Kuko enzyme, kimeng'enya, njo inaambia ule uzi: hapa, tosha tawi, shika jirani. Hizi nzi zangu hazina ile enzyme."

"Donc uzi unapotea?"

"Hapana. Unafika kwa mulango ya jirani, unapita tu."

"Bila kukula bukari?"

Alicheka hadi abiria wakageuka. "Voilà! Vendredi, Ijumaa hii, ninazionyesha prof. Kichupa cha kwanza njo kazi yangu yote ya mwaka huu."

Kichupa cha kwanza. Ndicho kile nilichokifungua jikoni.

Laeken, maabarani, aliwalaza nzi kwa gesi, akainamia darubini, kisha akainua kichwa.

"Weye. Nzi zangu ziko na macho meupe. Hizi je?"

Nikachungulia. Macho mekundu, mekundu kama ya tonton, mjomba wetu, asubuhi baada ya harusi.

"Labda zimelia," nikajaribu.

Hakucheka. Nikamwaga ukweli wote, hadi ndizi za mama. Akafungua kabati lenye joto, akanionyesha kichupa pacha. Kumbe kila ukoo wa nzi huwekewa akiba. Lakini ndani mlikuwa na mabuu tu, bado siku nyingi kuwa nzi.

"Vendredi haitakuwa. Nitamwambia prof nini, ndugu yangu?"

Hapo utani uliniishia. Nilijitolea kumwoshea vichupa kila mercredi, yaani Jumatano, baada ya masomo. Akanipa aproni.

Kurudi nilikuwa peke yangu, na metro ilipita kwenye giza nikiwaza ule uzi: umetoka mbali, umefika mlangoni, na kwa kukosa kitu kidogo kisichoonekana, haukumshika mtu. Nzi si nzi, jamani.

Saint-Gilles, ngazi nzima ilinukia samaki wa mama. Yaya alishampigia mama simu, akamweleza yote. Mama alisimama mlangoni na mwiko, akasema:

"Clarisse akipita hapa, ataingia, atakula. Weye leo, pita tu."