Neno Moja la Kwenye Kola

Jirani yangu wa sokoni hapa Butembo, mama wa nguo za balo, yaani mitumba, anajua neno moja tu la Kihispania, na analijua kuliko mimi ninavyojua Kifaransa changu cha shule. Sista mmoja Mhispania alimfundisha siku aliyokuja kununua sweta: lana, manyoya ya kondoo. Tangu hapo, kila balo likifunguliwa anageuza kola, na kidole chake chenye ufa kinatembea juu ya kikaratasi kilichoshonwa hapo mpaka kilikute lile neno. Wala haliamini likiwa peke yake. Anatafuta namba iliyo kando, maana lana ya ishirini kwa mia, asema, ni kondoo aliyepita karibu tu. Kikaratasi kikiwa kimekatwa, anachomoa uzi, anauwashia kibiriti, ananusa. Ukinuka nywele zilizoungua, anatamka taratibu, "Lana." Ukiyeyuka, sweta inatupwa kwenye fungu la bei ndogo bila huruma.

Jana asubuhi, ukungu ukiwa bado sokoni, mteja wake Kahongya alimshika mkono wa sweta ya kijani, ile anayoivaa mwenyewe kila siku. "Mama, na hii yako? Haiko na karatasi. Tuchome uzi tuone, basi."

Mama alikuwa ameshika kibiriti tayari. Alikirudisha mfukoni polepole.

"Hii hapana," alisema. "Baba ya batoto alinipatiaka hii mbele ya kufa. Alisema ni manyoya ya kondoo."