Mwalimu Mkuu Alinilisha Mbele ya Watu

Kiherehere changu kitaniua hapa Riyadh. Ijumaa madam ninayemfanyia kazi alinipa ruhusa, nikafuatana na rafiki yangu Almaz, Mhabeshi, kwenye sherehe ya shule ya Wahabeshi. Tukaketi kuzunguka sinia la injera, ule mkate wao laini. Mwalimu mkuu, mwanamume mtanashati, akakunja tonge akanilisha mdomoni mbele ya watu. Kisha la pili. Kwetu Nakuru anayelishwa hivyo ni bibi harusi, tena keki. Nikarekebisha kilemba, nikamnong'oneza Almaz, "Mwambie aende kwetu na wazee wake."

Almaz akatafsiri kwa sauti, sinia zima likasikia. Mwalimu alikuwa ameshamgeukia mlinzi wa geti, mzee mwenye ndevu, na kumlisha tonge kama langu. Mzee akatafuna, akameza, akauliza kwa Kiarabu kama na yeye ameposwa.