Sahani Nyekundu ya Tabaka

Nilifunga safari ya Tabaka kwa sababu ya karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa fundi wa maabara Nairobi. Mfanyabiashara mmoja alituletea sahani nyekundu ya jiwe la sabuni, jiwe laini la kuchonga kutoka Tabaka, tupime kama ina risasi, madini yenye sumu. Nikapima, nikaikuta. Akasema hanunui tena sahani za Tabaka. Mchongaji wake, Mzee Nyakundi, akaniandikia: "Njoo uone mawe yetu kabla hujatumaliza."

Alfajiri nikapanda basi. Nakuru tulikunywa chai, Kericho tukanyeshewa, na saa tisa alasiri nikashuka Kisii mgongo ukiniuma. Lori lililokuwa likienda kupakia mawe likanifikisha Tabaka, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

Nyumbani kwa Mzee nilipewa ndizi za kupika kabla sijaulizwa lolote. Kisha akaanza. "Sasa wewe, hii jiwe yetu ulipima namna gani?"

Nikamweleza. Taa yetu ya maabara huwasha gesi kwa umeme, na kila elementi iliyomo katika kitu kinachopimwa hutoa mwanga wa rangi yake. Lakini jiwe halipitishi umeme. Kwa hiyo nililisaga, nikachanganya na unga wa shaba, nikakandamiza likawa kidonge. Shaba ndiyo hubeba umeme.

Mkewe, Mama Kemunto, alikuwa akisugua bakuli kwa msasa ndani ya karai la maji. Akasimamisha mikono. "Ulisaga sahani na juu yake yote?"

"Kipande kizima, mama."

"Lakini hiyo nyekundu si ya jiwe. Ni rangi ya mabati, ilibaki tukipaka nyumba. Tulisema watu wa Nairobi wapelekewe ile inapendeza."

Nilitamani ardhi inimeze. Rangi nyingi za mabati siku hizo zilitiwa risasi; nilikuwa nimesaga rangi na jiwe pamoja, kisha nikalilaumu jiwe.

Asubuhi Mzee alinipeleka machimboni, akanichimbulia vipande vitatu: cheupe, cha waridi na cha kijivu. Nikavifunga kila kimoja kwa jani la mgomba.

"Na kama hiyo sumu iko ndani?" nikamwuliza.

"Uandike. Lakini sasa uandike ya jiwe."

Njiani kurudi sikusinzia hata kidogo. Nilikuwa na hofu kweli. Nairobi nikaosha kinu mara tatu. Taa ikawaka, magnesiamu na silikoni za jiwe lenyewe zikajitokeza, na mahali pa mwanga wa risasi palikuwa giza. Vipande vyote vitatu. Nikakwangua rangi ya kipande cha sahani kilichobaki, nikaipima peke yake: risasi hiyo hapo.

Nikampelekea mfanyabiashara karatasi mpya, nikamwambia ya kwanza nilikosea mimi. Akaisoma mara mbili, akaagiza sahani zisizopakwa rangi. Nikafurahi kama mtoto, na siku hiyohiyo nikamwandikia Mzee barua Tabaka.

Tangu hapo sisagi kazi ya mtu kabla sijamwuliza aliitengenezaje.