Namba ya Protase

Mwaka ule wa tisini na tano, kila Alhamisi, basi la Bukoba likishaondoka Muleba, mama muuza dagaa alifungua pindo la kanga na kutoa gemu ya mkononi ya betri. Klaudia, mwalimu aliyezoea kukaa naye, alishazijua taratibu zake. Kwanza alizima mlio. Mchezo wa magari aliuruka kwa kuwa unakula betri, akabaki na wa kupanga matofali, akibonyeza taratibu kwa vidole vilivyopasuka kwa jua la kuanikia dagaa. Akikaribia alama elfu tisa, aliacha matofali yajae mpaka ashindwe.

Siku moja kioo kilififia. "Mama, zitoe betri uzianike juani," Klaudia alimshauri. "Redio yetu tunaifufua hivyo hivyo."

Mama akaikumbatia gemu kwa mikono yote miwili. "Zikitoka, Mwalimu, namba ya alama za juu kabisa inafutika. Aliiweka mwanangu Protase wodini, siku ya mwisho aliyoweza kuinuka akaketi kitandani."

Tangu hapo hakucheza tena. Basi likifika Izigo aliiwasha mara moja tu, akaisoma ile namba kwa midomo bila sauti, kisha akaizima.