Mkate wa Shemeji Usio na Chumvi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mwoka mikate. Kwenye leseni ameandikwa mfanyabiashara, lakini biashara hajaijua hata siku moja. Ni mwoka mikate, mwenye mikono mipana na unga kwenye kope, na ana tabia ya kubonyeza kila mkate kwa kidole gumba kabla haujatoka mlangoni. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na mmoja. Tanuri lilijengwa na baba mkwe wangu. Jina la ukoo limeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya buluu, na mume wangu alikuwa akilipaka upya kila baada ya miaka miwili. Tangu afariki, ngazi napanda mimi.

Nalitaja jina hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nikosee.

Mwaka jana shemeji aliota uvimbe shingoni, mdogo kama punje ya njugu. Akasema ni unga.

"Unga umefikaje shingoni?" nikamuuliza.

"Nimeuvuta miaka yote hii, shemeji. Lazima utafute pa kukaa."

Ndivyo alivyo. Huwezi kumweka chini mkazungumza jambo la maana kabla hajacheka mara tatu. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono wa shati kama mwanafunzi mtoro. Ilikuwa saratani ya tezi ya shingo. Wakaiondoa tezi yote, na upasuaji ukaenda salama. Daktari akatuambia kuwa kilichobaki ni kumeza dawa moja ya mionzi, ili imalize chembe zozote zilizosalia.

Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kurudia maneno, ndiye aliyetueleza. Dawa yenyewe ni madini joto yaliyotiwa mionzi. Chembe za tezi hupenda madini joto kuliko kitu chochote.

"Kwa hiyo tunazishindisha njaa wiki mbili," alisema. "Dawa ikifika, zinaila kwa pupa."

Kisha akasoma orodha. Chumvi yenye madini joto, hapana. Samaki na chochote cha baharini, hapana. Maziwa, siagi, jibini, hapana. Kiini cha yai, hapana. Mkate wa dukani, hapana.

"Mkate wa dukani?" shemeji akauliza, kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Huo mkate wa dukani nautengeneza mimi."

"Basi jitengenezee wako, usitie chumvi wala maziwa." Muuguzi hakucheka. "Nawaambia jingine. Dawa hii inaagizwa kwa siku maalumu, na nguvu yake inapungua kila saa. Haikai kabatini kumngoja mtu. Mkiharibu chakula, semeni, msione haya. Lakini nafasi atapewa mwingine."

Tulipofika nyumbani niliamua kwamba asiambiwe mtu. Nilikuwa mwalimu kwa miaka ishirini na sita, na najua habari inavyozunguka darasa zima kabla hujamaliza kuandika tarehe ubaoni. Watu wakisikia saratani na mkate katika sentensi moja, kesho yake wananunua mtaa wa pili. Kwa hiyo wafanyakazi wa tanuri niliwaambia kwamba alikuwa na uvimbe, umeondolewa, amepona. Jirani yetu mwenye duka la vitambaa nilimwambia hivyohivyo, maana kumwambia yeye ni sawa na kubandika tangazo.

"Waambie tu ukweli," shemeji alisema.

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Shingo yenyewe imeshonwa."

Nikaanza kutafuta chumvi isiyo na madini joto. Nilizunguka maduka saba kwa miguu. Kila pakiti imeandikwa kwa fahari kwamba imeongezwa madini joto. Kwenye duka la saba muuzaji, kijana wa watu mwenye miwani, alinionea huruma.

"Mama, hii ndiyo nzuri. Ina madini joto."

"Nataka isiyo nayo."

"Isiyo nayo si nzuri kwa afya, Mama. Wewe ni mtu uliyesoma."

Nilitamani kumwambia kwamba somo hilo nimelifundisha mimi, miaka nenda rudi, na mchoro wa shingo nikiuchora ubaoni kwa chaki ya rangi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, miguu imevimba.

Basi tukaanza bila chumvi kabisa. Wali usio na chumvi, nyama isiyo na chumvi, viazi vilivyomenywa vikachemshwa hivihivi. Vidonge alivyopewa baada ya upasuaji, vya kufanya kazi ya ile tezi, vilikuwa vimesimamishwa wiki kadhaa kabla, kwa amri ya daktari, kwa hiyo mwili wake ulikuwa mzito kama gunia lililoloa. Alivaa sweta mchana, jua likiwaka. Akapunguza kucheka, ila mdomo haukupungua.

"Sasa naelewa," alisema siku ya kwanza, akiisukuma sahani. "Marehemu kaka alivumilia mengi."

"Kula."

"Nakula, shemeji. Natafuta tu mahali chakula kilipo."

Alichoking'ang'ania ni mkate. Kila asubuhi alikwenda tanurini, akapima unga, hamira, sukari, mafuta na maji katika bakuli dogo, akaliacha mezani. Mikono haikuwa na nguvu ya kukanda, kwa hiyo kazi hiyo aliifanya msimamizi wa tanuri, tunayemwita Sajini. Hajawahi kuwa askari. Ni sauti yake tu. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na yuko nasi tangu enzi za baba mkwe. Nilimwona muungwana anayefanya alichoambiwa, nikatulia.

Mkate wa siku ya kwanza shemeji aliutafuna akiwa amefumba macho. Akasema ni kama kula boksi. Kuanzia siku ya pili alinyamaza. Aliula wote, akaokota na makombo. Nikafurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye, akiwa na miaka hamsini na tisa, shemeji amekua. Nilipompigia simu muuguzi nilimwambia mgonjwa anafuata masharti barabara, na nilisema kwa kujisifu kidogo.

Siku ya kumi hakuweza kuinuka vizuri. Nikachukua bakuli mwenyewe, nikapima kama alivyonielekeza, nikampelekea Sajini. Nilipofika barabarani nikakumbuka nimesahau mwavuli, nikarudi. Sajini alikuwa amenipa mgongo. Mkono wake uliingia kwenye kopo kubwa la chumvi ya tanuri, ukatoka, ukapita juu ya bakuli dogo. Kisha akaanza kukanda.

"Sajini, unafanya nini?"

Alitazama mlangoni, akashusha ile sauti yake mpaka ikawa mnong'ono.

"Mama, tafadhali, usimwambie Mzee."

"Nisimwambie nini?"

"Anasahau chumvi. Tangu atoke hospitali. Ule mkate wa kwanza nilionja ukoko wake nikashtuka. Nikasema, huyu ni mtu wa miaka thelathini na zaidi kwenye tanuri, leo amesahau chumvi? Watu wakijua watasema amekwisha. Basi nikawa naitia mwenyewe, kimyakimya. Hata hawa wenzangu sijawaambia." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Namlindia jina lake, Mama."

Nilikaa kwenye gunia la unga, na gauni langu la kwendea mjini.

"Tangu lini?"

"Siku ya pili."

Mikate minane. Nilitaka kumkaripia, lakini kwa lipi? Mimi ndiye niliyesimama palepale, mbele ya meza ileile, nikamwambia Mzee amepona. Mtu aliyepona anapoacha kutia chumvi kwenye mkate, mwenzake afikiri nini?

Shemeji nilimkuta dirishani, sweta imefungwa mpaka shingoni.

"Ule mkate una chumvi," nikamwambia.

"Najua."

"Unajua?"

"Shemeji, mimi ni mwoka mikate. Chumvi naijua hata nikiwa usingizini."

"Na ukakaa kimya siku zote hizi?"

"Nilidhani umeipata ile ya maduka saba. Nikasema, shemeji amenionea huruma, amempa Sajini kwa siri, hataki kushukuriwa."

"Mimi?"

"Hata mimi nilishangaa."

Nilimweleza alichofanya Sajini. Alianza kucheka, akaacha katikati. Niliona uso wake ukibadilika, kwani zilikuwa zimebaki siku nne tu.

"Sasa dawa?" akauliza.

Niliitazama simu.

"Tusiseme, shemeji. Ni chumvi kidogo tu. Nani atajua?"

Nakiri kwamba wazo hilo lilinivutia kuliko inavyofaa. Kuficha nilikuwa nimeshakuzoea. Kulihitaji tu siku nne zaidi. Lakini mara hii niliyekuwa nataka kumdanganya ni dawa yenyewe, na dawa haidanganyiki kama jirani. Ingemezwa, ingekuta chembe zimeshashiba, ingepita bure, na sisi tungerudi nyumbani kupaka rangi mlango.

Nikapiga simu. Muuguzi alisikiliza. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Asante kwa kusema," alisema. "Siku hiyo nampa mwingine. Ninyi njooni mwezi ujao." Daktari angempa vidonge vingine vya kumshikilia kwa muda, kisha navyo visimamishwe, na wiki mbili zianze upya.

"Mwezi mwingine wa wali wako," shemeji alisema, akigeukia dirisha. Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda tanurini mapema, wafanyakazi wote sita wakiwapo. Mwenye duka la vitambaa alikuwa amekuja kuchukua mkate wake, na sikungoja atoke.

"Shemeji yangu ana saratani ya tezi," nilisema. "Haiambukizi, si kwa mkono wala kwa mkate. Anatakiwa asile chumvi hii, na sababu ya ninyi kutojua ni mimi."

Sajini aliweka chini trei aliyoshika. Alitoka nje, nikamwona kwenye bomba, akinawa mikono, ananawa tu.

"Pole sana, Mama," alisema mwenye duka la vitambaa. Alichukua mkate wake. Kisha kwa wiki mbili nilimwona akipita na mkate wa tanuri jingine, ameuficha chini ya kitambaa, kana kwamba mimi sina macho. Aliporudi alisema ule wa kwao unasambaratika. Nilimuuzia. Sijasahau.

Wapo ambao hawakurudi. Mume wangu angeumia, nami niliumia kwa niaba yake.

Siku chache kabla ya wiki mbili mpya kuanza, Sajini alichukua kopo langu la rangi ya buluu, ile ya jina la ukoo, bila kuniomba, akaandika kwenye bakuli dogo: YA MZEE. CHUMVI MARUFUKU. Kopo la chumvi ya tanuri akalifungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni. Kisha kijana wa duka la saba, habari zikiwa zimemfikia, akabisha hodi, ana pakiti mkononi, haina hata neno moja la kujisifu juu yake.

"Isiyo na madini joto, Mama. Nimeiagiza mbali. Ungeniambia mapema kwamba ni ya mgonjwa."

Ungeniambia mapema. Nimeisikia sentensi hiyo kwa watu kumi na mmoja, na kila mmoja anaitamka kana kwamba ameibuni yeye.

Baada ya hapo maisha yangu yakawa ya kuomba ruhusa. Sikuweza kununua yai.

"Hivyo viini anakula nani?" mwenye duka la vitambaa alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mimi."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Na maziwa ya chai yangu nilianza kuyabeba kwenye mkoba wa vitabu.

Siku ilipofika nilimpeleka hospitali asubuhi. Muuguzi yule yule alifungua faili.

"Masharti yamefuatwa?"

Shemeji akaninyooshea kidole.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Waulize mtaa mzima. Nadhani namba yako wanayo."

Kwa mara ya kwanza muuguzi alitabasamu. Dawa ilikuwa ndani ya kopo zito la chuma, na dawa yenyewe ndogo kuliko punje ya harage. Angekaa peke yake chumbani siku kadhaa, mlango umefungwa, mpaka mionzi ipungue. Nilimpa mfuko wa nguo. Alikuwa amekonda, shati limemwagika mabegani.

"Leo nani amebonyeza mikate?" akauliza, akiwa ameshaingia.

"Mimi."

"Kwa kidole gumba?"

"Kwa kidole gumba."

"Mungu awasaidie wateja," alisema, na muuguzi akafunga mlango.