Kilichotangulia Bangi

Kosa moja lilitugharimu dume la ng'ombe, majogoo saba na kaka yangu Elia. Nimehesabu mara mbili, na huyo wa mwisho bado sijampatia bei.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano, na nyumba yetu ya Sepuka ilinuka mashudu ya alizeti na kinyesi cha kuku, maana mama alikuwa mchuuzi wa kuku na mimi nikimshikia kuku miguu. "Mama, mbona jogoo huyu anasinzia?" aliuliza mnunuzi. "Anasubiri utaje bei ya maana." Majirani waliapa kwamba lori la wanunuzi ndilo linaloleta ugonjwa wa mdondo, kwa kuwa kila likija, kuku wanakufa. Mama alicheka. "Kuku wakianza kuumwa kila mtu anakimbilia kuuza, bei inaanguka, ndipo lori linakuja. Ugonjwa umetangulia, mwanangu."

Hesabu hiyo tuliijua kwa kuku. Kwa Elia ikatupotea. Alikuwa kidato cha pili. Alizeti ilikuwa bado inachanua alipoacha kulala, ugali wake ukawa unakauka sahanini, nami nikamsikia akijibizana na mtu asiyekuwepo. Bangi ilikuja baada ya mavuno, kutoka kwa vijana wachunga ng'ombe. "Nikivuta, hizo sauti zinanyamaza kidogo," aliniambia. Alama zikaporomoka, mwalimu akamkuta na msokoto, akamwita baba: "Mzee, bangi imemmaliza huyu." Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, hapo kwetu hakuna aliyeuliza mawingu yenyewe yametoka wapi.

"Baba, mimi nilianza kuumwa kabla," Elia alisema.

"Mvuta bangi hana kabla."

Hospitali hakupelekwa. Alipelekwa Mitundu kwa baba mdogo, alime mpaka bangi imtoke kichwani. Hata mwezi haukuisha, akaingia vichakani bila viatu. Dume liliuzwa kugharamia msako, majogoo wakaliwa na waliokuwa wakimtafuta, na mpaka leo hatuna kaburi la kupalilia.

Siitetei bangi. Huenda ilimmwagia mafuta kwenye moto uliokwisha kuwaka. Hata mtaalamu niliyemsikia redioni alisema vijana wengi wanaoivuta huvurugikiwa na masomo na akili. Kipi humleta mwenzake, akasema kwa haki kabisa, si rahisi kujua. Nilizima redio nikalia, maana baba alikuwa amejua kwa asubuhi moja.

Sasa nina mtoto wa miaka kumi na sita. Juzi nimekuta msokoto ndani ya soksi yake. Mjini siku hizi kuna kliniki ya magonjwa ya akili, lakini mume wangu ameamua: Jumatatu kijana aende kwa babu yake Kinampanda, akashike jembe. Mimi ninayeweza kumshusha bei hata mpimaji wa viwanja, nimesimama mlangoni kwa mwanangu nimekosa neno la kwanza. Wewe uliyelea, nishauri: nimuulize nini kabla sijamuuliza habari za bangi?